Miezi Minne ya Kungoja Mkojo

Wanaonijua hapa Nairobi, mitaa ya Kariobangi na Baba Dogo, wanajua mimi si mtu wa kukaa. Nilitoka kwetu upande wa Bungoma nikiwa nimeishia darasa la sita na suruali moja, na leo nina magari mawili ya kunyonya maji taka, yale tunayoita eksosta, nina wafanyakazi saba, na nina nyumba ya ghorofa ambayo ramani yake niliichora mwenyewe kwa kijiti mchangani. Fundi akaitazama, akajenga. Hakuna aliyenishika mkono.

Naandika haya kwa sababu mwaka jana nilikalishwa miezi minne, na katika kule kukaa nilitafuta mtu wa kazi kama yangu anieleze huko mbele kuna nini, nikamkosa. Kwa hivyo wewe unayezibua chemba za maji taka, au wewe ambaye mume wako anazibua na sasa macho yamemgeuka manjano, soma. Sitakufundisha udaktari. Daktari unaye huko. Nitakueleza nilivyoishi tu.

Yalianzia kwenye kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Kwetu kuna kituo kidogo cha soko: maduka, shule ya msingi, zahanati na kichinjio. Maji machafu ya hapo yote yalikuwa yanateremka kwa mtaro mmoja mpaka kwenye kijito ambako akina mama wanachota maji. Kamati ya maji ikaita wasomi wawili, wakaja na makaratasi, wakaenda nayo. Ndipo wakaniita mimi. Nikawajengea mtambo usio na hata waya mmoja wa stima. Maji yanaingia kwanza kwenye tangi la kutulia, uchafu mzito unazama. Yanayobaki yanapita polepole kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, na ile mizizi ya matete inafanya kazi bila kuomba likizo. Halafu yanamwagika kidimbwini, na upande wa pili yanatoka meupe. Bwana wa afya alipokuja kuyachukua kwa chupa, aliinua chupa kwenye jua, akanitazama, akaiinua tena. Nikamwambia, "Darasa la sita, bwana. Andika hivyo."

Sasa mvua ndefu zikaja, na tangi likaziba. Matambara, nywele za saluni, matumbo ya mbuzi kutoka kichinjioni, vyote vimeshikana kwenye mdomo wa bomba. Kamati ilikuwa imechagua wanaume wanne wa kutunza mtambo, lakini siku hiyo walisimama kando na mikono yao kifuani. Kwetu mtu akijulikana amegusa kinyesi cha wengine, hata kwenye kikao cha busaa, pombe yetu ya nafaka, watu wanamsogezea kiti chake mbali. Nikawabembeleza, nikawatukana, hakuna aliyesogea. Na watu walikuwa wameanza kukusanyika.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na buti za mpira na glavu ndani ya gari. Niliziacha ndani ya gari. Nilitaka waone kuwa si kitu. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia peku mpaka mapajani, na kwenye muundi wa mguu wa kulia nilikuwa na kidonda ambacho toroli ilinichubua siku mbili nyuma. Nikaingiza mkono mtupu kwenye bomba, nikavuta tambara, nikavuta utumbo, nikavuta panya waliokufa, watatu, nikawainua juu kwa mikia kama mvuvi anayeonyesha samaki. Watu wakapiga makofi! Maji yakaanza kwenda. Mama mmoja akapiga vigelegele. Sijawahi kushangiliwa namna ile tangu nizaliwe, hata siku ya harusi yangu.

Nikaoga kwa sabuni ya kipande, nikanywa maziwa pakiti mbili. Sisi watu wa kazi hii tunaamini maziwa yanaosha sumu. Labda yanaosha tumbo. Kidonda cha mguuni hayakifikii.

Nilirudi Nairobi. Siku kama kumi zikapita, nikaamka na miguu inayouma, si magoti, ile nyama ya nyuma ya muundi, inauma kama imepigwa na rungu. Kichwa, homa, macho mekundu kama ya mlevi. Nikaenda kwa duka la dawa Kariobangi, nikachomwa sindano ya malaria. Siku ya pili nikapewa vidonge vya taifodi. Siku ya tatu nilikuwa nimeenda na gari kazini kama kawaida, nikashindwa kushuka kwenye kiti. Otieno, ambaye ni mfanyakazi wangu wa kwanza na ni mkubwa kwangu kwa umri, alinishusha kama gunia. Siku ya tano mke wangu, Mama Sharon, akanipeleka hospitali bila kuniuliza.

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye miwani. Akaniuliza nimekula nini, nimesafiri wapi, nakunywa pombe kiasi gani. Halafu akauliza, "Unafanya kazi gani, mzee?"

Nikasema, "Mimi ni kontrakta."

"Kontrakta wa nini?"

"Wa mambo ya majengo."

Nieleze hapa, maana ndiyo sababu kubwa ya kuandika. Nilipokwenda kuomba mke, baba mkwe aliniuliza kazi, nikasema ni kandarasi za maji, na sikudanganya, ni vile sikumwambia maji gani. Tangu siku hiyo kwao mimi ni kontrakta. Kanisani Baba Dogo mimi ni kontrakta. Magari yangu yanalala Kariobangi, naoga huko huko, nikifika nyumbani nanukia sabuni. Miaka ishirini! Na pale hospitalini, nyuma ya daktari, walikuwa wamesimama akina mama watatu wa kanisa waliokuja kuniombea. Ningesemaje mbele yao? Daktari akaandika kontrakta. Wakaendelea kunitibu malaria na taifodi.

Siku ya sita macho yakawa manjano. Siku ya saba kwikwi ikaanza na haikukoma, hata nikizungumza neno linakatwa katikati. Mkojo ulikuwa umeshakuwa kama chai ya rangi. Siku ya nane haukuja. Nikamwambia sista wa wodi, akaniambia ninywe maji. Nikanywa. Siku ya tisa haukuja.

Siku hiyo ya tisa, saa ya wageni, akina mama wa kanisa wakiwa wamezunguka kitanda wanaimba kwa sauti ya chini, Otieno akaingia. Ametoka kazini moja kwa moja, na buti zake miguuni. Wimbo ulipungua wenyewe.

Sista akamwambia, "Wewe baba, hizo buti ziache nje! Hapa ni wodi."

"Pole, sista. Nimekuja tu kumwona mdosi wangu. Mdosi, niaje?" Akanitazama macho. Akanitazama muda mrefu. "Hii rangi naijua. Baba yangu mdogo alikuwa hivi, yule tuliyekuwa tunazibua naye kule Dandora. Mlimwambia daktari kuhusu wale panya?"

Daktari msichana alikuwa kitanda cha pili. Akageuka. "Panya gani?"

"Si wale wa kwenye tangi, madam. Tunakutana nao kila siku. Huyu aliniambia kwa simu aliwatoa watatu kwa mkono, bila glavu, akijionyesha huko kwao."

"Lakini huyu ni kontrakta," daktari akasema, akishika faili.

Otieno akacheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. "Kontrakta? Huyu ni mtu wa mavi kama mimi, madam. Ni vile yeye ndiye mwenye gari."

Nilitamani kitanda kifunguke kinimeze. Daktari akanisogelea. "Mzee, ni kweli?" Nikafungua mdomo, kwikwi ikanikata. Nikaangalia ukuta. Ndipo nikamsikia mke wangu, mwanamke ambaye kwa miaka ishirini amenificha kama mimi nilivyojificha, akasema kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia:

"Ni kweli, daktari. Anafanya kazi ya kutoa mavi. Ndiyo imesomesha watoto wangu. Aliingia peku na alikuwa na kidonda. Kidonda ni hiki hapa." Akafunua shuka mguuni.

Mmoja wa wale mama, mnene, ndiye huwa anasimamia sadaka ya mavuno, akainama akakiangalia kidonda, akasema, "Kwani choo chetu cha kanisa huwa anakuja kunyonya nani?" Mke wangu akasema, "Ni magari ya huyu, yanakuja usiku." Yule mama akasema, "Na hatukujua kumshukuru." Wakakaa. Hawakuondoka mpaka kengele ya wageni ilipolia.

Daktari akasema hii ni homa ya mkojo wa panya, inaingilia kwenye kidonda, na dawa zikabadilishwa saa hiyo hiyo. Homa ikashuka kwa siku mbili, umanjano ukaanza kupungua. Lakini figo zilikuwa zimeshalala. Nisikufiche: zile siku nilizokuwa kontrakta ndizo zilizozilaza. Daktari hakunilaumu. Aliniambia tu, "Ungeniambia siku ya kwanza, mzee." Maneno hayo matano nimeyabeba mwaka mzima. Wewe ukiulizwa kazi yako hospitalini, itaje kazi yenyewe, hata kama baba mkwe amesimama hapo. Sema umeshika nini, umekanyaga nini, na kidonda kiko wapi.

Basi nikatobolewa shingoni, pembeni hapa, wakaingiza mpira wenye vichwa viwili, nikaunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Jumatatu na Alhamisi. Kila mara masaa manne.

Masaa manne bila kuinuka! Mtu ambaye hata kanisani husimama nje ya mlango! Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, mmoja akitikisika safu yote inatikisika, na mimi nilikuwa natikisa. Kwanza unangoja faili. Halafu unangoja kupimwa uzito, maana uzito ndio unasema una maji kiasi gani mwilini. Halafu unangoja mtu aliye kwenye mashine atoke. Siku nyingine mashine moja ni mbovu, na nyinyi mliopangiwa hiyo mnatazamana. Nilikuwa nainuka, naenda dirishani, narudi, naenda kwa sista kuuliza, narudi, nainuka tena. Nilimwambia fundi wa mashine kwamba pampu yake inalia vibaya na mimi pampu nazijua. Akaniambia, "Kaa chini, mzee." Lakini wiki iliyofuata alibadilisha pampu ile. Pampu niulize mimi.

Kiti cha jirani yangu kilikuwa cha Mama Kevo, anauza matumbo kwenye soko la Burma, na alikuwa na mwaka wa tatu kwenye mashine. Siku ya kwanza alinitazama nusu saa. Halafu akasema, "Wewe baba, huo mguu wako unashona nini?"

"Unashona nini namna gani?"

"Unautingisha kama mtu yuko kwenye cherehani. Maliza hilo gauni tupumzike."

Nilimchukia mpaka Alhamisi. Alhamisi alinifundisha mambo ya barafu. Mgonjwa wa mashine asiyekojoa anapimiwa maji, mimi nilipimiwa nusu lita kwa siku, na hiyo ni pamoja na chai na mchuzi. Kiu yake huijui. Ulimi unakuwa kama kipande cha gunia. Mama Kevo alikuwa na thamosi ndogo ya vipande vya barafu vyenye ndimu, kila kimoja kama punje ya hindi. "Usitafune," akasema. "Kiweke chini ya ulimi, usahau kiko hapo." Katika maisha yangu nimelishwa nyama choma na wabunge, lakini sijala kitu kitamu kama kile.

Mwili ulikuwa si wangu. Miguu ilivimba hata nikavaa patipati za mke wangu, za rangi ya waridi, nikapita nazo mbele ya vinyozi wa mtaani. Pete ya ndoa ilitolewa kwa sabuni. Halafu uvimbe ukitolewa na mashine, chini yake nakuta mtu mwembamba nisiyemfahamu, makalio hayapo, kukaa kwenyewe kunauma. Ngozi ikawa nyeusi kama imepakwa masizi na inawasha mahali ambapo mkono haufiki. Kila chakula kina ladha ya msumari. Na jambo lililonichosha akili zaidi ni lile la chooni. Nilikuwa nakwenda asubuhi, nasimama, nangoja. Natoka. Baada ya saa moja narudi, nasimama. Nimebeba mikojo ya watu wa Eastlands miaka ishirini, matangi kwa matangi, na wangu mwenyewe sina hata kijiko.

Mwezi wa pili niliiba maji. Nilikuwa nimepelekwa Kariobangi kuangalia magari, ndivyo nilivyodai, na Otieno alikuwa anaosha eksosta kwa mpira. Nikamtuma dukani. Nikauokota mpira, nikaweka mdomoni, nikanywa. Nilikunywa mpaka nikasikia maji yanagonga tumboni. Kesho yake, Jumamosi, sikuweza kulala chali. Nikilala nazama, hewa haiingii, kifua kinakoroma kama bomba lenye tope. Wakaniwahisha kwenye mashine siku isiyo yangu, na mgonjwa mwingine akasogezwa kwa ajili yangu. Nilimwona usoni alipoambiwa angoje. Sijui jina lake.

Mama Sharon alingoja mpaka nilipoweza kupumua. "Mimi nakupimia maji kwa kikombe, naandika, nakuficha hata mchuzi," akasema. "Na wewe unaenda kunywa kwa mpira wa kuoshea gari la mavi?"

"Nilishikwa na kiu, Mama Sharon."

"Mimi pia nina kiu, Baba Sharon. Nina kiu ya kulala. Nina kiu ya mtu mwingine kubeba hilo faili lako siku moja."

Baada ya hapo hakuniongelesha kwa siku nne. Tunalala chumba kimoja, tunakula meza moja, na anapitishia maneno kwa binti yetu: "Sharon, mwambie babako chai iko." Mimi niko hapo, nimekaa, chai naiona. "Sharon, mwambie mamako asante." Siku ya tano Sharon alisimama akasema, "Mimi leo nina mitihani, pigianeni simu." Tukacheka wote wawili, na mke wangu akacheka mpaka akalia, na akalia muda mrefu kuliko alivyocheka. Nikamshika mkono. Kama una mtu anayekubebea faili, mtafutie wa kumpokea hata Alhamisi moja. Mimi nilichelewa kuona hilo. Yule mama mnene wa kanisa ndiye aliyeanza kunipeleka Alhamisi, na njia nzima alikuwa ananiuliza kwa nini choo chao kinajaa haraka.

Baridi ya Julai ikaingia, mawingu yamekaa juu ya mabati wiki nzima bila kushuka wala kuondoka. Daktari akatuita ofisini. Akasema figo zilizolala namna hii kwa kawaida zingekuwa zimeshaamka. Tutazingoja mpaka Agosti iishe. Zisipoamka, ni mashine maisha yangu yote, au ndugu anipe figo yake moja. Akaniuliza kama nina ndugu. Ninaye. Mmoja. Simiyu, mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi huko nyumbani.

Lazima niseme ukweli kuhusu Simiyu. Yeye alisoma, mimi sikusoma. Kila Krismasi nilikuwa nateremka na gari, namtania mbele ya watu: mwalimu, chaki inalipa? Mwalimu, hizo suruali umezipata kwa serikali? Na yeye hucheka tu. Sasa mke wangu alimpigia simu bila kunieleza. Alhamisi moja natoka kwenye mashine, nimeegemea ukuta, namkuta amekaa kwenye vile viti vya plastiki, ametulia, kiti hakitingishiki, na mfuko wa karanga magotini.

"Karanga siruhusiwi," nikamwambia.

"Najua. Ni zangu."

Tulipofika nyumbani nikatembea sebuleni, huku na huku. Akaniacha nitembee. Mwishowe nikasema, "Mwalimu, mimi sijawahi kupokea kitu cha mtu."

"Najua, umetuambia kila mwaka."

"Ukinipa hiyo kitu utanikumbusha kila Krismasi."

"Kila Krismasi," akasema, "na kila mazishi. Na siku ukinitania suruali, nitakwambia: kaka, usinicheke ukiwa unakojoa na yangu."

Sikucheka. Nikamwambia naogopa. Sikuwahi kumwambia mtu neno hilo. Nikamwambia naogopa kufa, na naogopa zaidi kuamka halafu niambiwe yeye ndiye ambaye hakuamka. Ana watoto wanne. Akabandua ganda la karanga, akaliweka kwenye kiganja.

"Hata mimi naogopa," akasema. "Lakini nimeshapimwa damu. Zinakubaliana. Vipimo vya mwisho vitafanywa shule zikifungwa Agosti."

Halafu, kama mtu anayetaja jambo dogo, akaniambia kwamba mtambo wa kule nyumbani unaendelea. Mwezi ule bomba lilikuwa limeziba tena. Wale wanaume wanne hawakuingia. Aliingia yeye. Alinunua buti ndefu na glavu za mpaka kwenye kiwiko, akafunga mdomo kwa kitambaa, akatumia reki ya mpini mrefu, na alichukua siku mbili kufanya kazi ambayo mimi ningeimaliza kwa saa moja. Watu walikuja kumwangalia na kumcheka. Wakamwita mwalimu wa mavi.

"Na wewe ukawaambia nini?"

"Nikawaambia kaka yangu anaitwa hivyo Nairobi na ana ghorofa. Jumamosi iliyofuata wawili walikuja na buti zao."

Nikageukia dirisha.

Agosti ikafika. Simiyu alikuwa ameshaacha busaa, akaacha nyama ya kuchoma, akawa anakimbia asubuhi kwenye uwanja wa shule ili afike kwa madaktari akiwa mzima. Tarehe ya vipimo ikaandikwa. Mimi sikulala vizuri, sikukaa vizuri. Nilikuwa napanga nitamkatalia vipi. Halafu napanga nitamshukuru vipi. Nabadilisha mara kumi kabla ya chai.

Asubuhi moja, imebaki wiki mbili, nikasimama chooni kama kawaida yangu, si kwa kutegemea, ni mazoea tu. Kikaja kitu. Kama vijiko vitatu. Kiliniunguza, nikapiga kelele, na Mama Sharon akaja mbio akidhani nimeanguka.

"Nini?"

"Kumekuja."

"Kumekuja nini?"

"Mkojo!"

Akatazama ndani ya choo kana kwamba nimemwonyesha dhahabu. "Na umeumwaga?" akasema. "Baba Sharon, umeumwaga?"

Akaniletea jagi la plastiki la kupimia. Tangu siku hiyo nilikojoa humo, naye akaandika kwenye kalenda ya bucha iliyotundikwa jikoni. Kesho yake ulikuja kama ule wa jana. Keshokutwa haukuja kabisa, na hiyo ndiyo siku niliyovunja kikombe ukutani. Siku iliyofuata ukaja mara mbili. Usitegemee utarudi kama bomba lililozibuliwa, ghafla na kwa kishindo. Unarudi kama mtu mwenye aibu. Daktari hakufurahi haraka. Alisema mkojo peke yake hautoshi, anataka kuona damu. Akanichukua damu Jumatatu, akanichukua Alhamisi, akanichukua tena Jumatatu. Jagi likawa linafika nusu. Mama Kevo aliponiambia nisijisumbue kumsimulia, tayari ameona miguu yangu imeingia ndani ya viatu, nilijua hakuwa anatania. Alinipa thamosi yake ya barafu. Nikaikataa, maana yeye bado anaihitaji. Akasema, "Nunua yako basi, usiniletee huruma," tukaachana hivyo, na Jumatatu nyingi bado napita Burma kumwona.

Siku nne kabla ya Simiyu kupanda basi, daktari msichana aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Alhamisi usije," akasema.

"Mashine imeharibika?"

"Hapana, mzee. Hutaihitaji. Tutakupima kila wiki tuone, lakini mpira wa shingoni tutautoa. Na yule ndugu yako mwambie asisafiri."

Nilipaswa kukaa nipokee habari ile. Sikukaa. Nilitoka nje hata mke wangu hajafunga mkoba, nikazunguka uwanja wa hospitali, nikapita kwenye maegesho, nikarudi, nikapita tena, askari wa lango akaniuliza kama nimepoteza gari. Niliposhindwa kutembea zaidi nikaenda nikaegemea ukuta karibu na vyoo vya wagonjwa wa nje, nikapiga simu.

"Mwalimu."

"Kaka. Kuna nini? Mbona unahema?"

"Hizo figo zako. Kaa nazo."

Nikasikia nyuma yake watoto wa shule wanasoma kwa sauti moja.

"Zimeamka?" akauliza.

"Zimeamka. Mkojo ni jagi zima, ndugu yangu. Jagi zima! Nakojoa kuliko dereva wa trela."

"Ulikuwa unajisifu hata kabla hujaugua. Nitaaminije?" Sauti yake ilikuwa bado ile ya mwalimu. "Mimi nimeacha busaa wiki nne kwa ajili yako. Nimekimbia kama kichaa mbele ya wanafunzi. Sasa uko wapi hapo? Kuna choo?"

"Kipo. Nimesimama nje yake."

"Basi ingia," akasema, "na usikate simu."

Nikaingia. Nikaishika simu chini, karibu, na mdogo wangu, darasa lake zima likiwa linamngoja huko Bungoma, akasikiliza mpaka tone la mwisho.